Usiweke Kiwiko Mezani Kabla ya Kuuandaa Mkono

Leo tuzungumze juu ya mchezo mmoja ambao vijana wetu wanaupenda sana. Ni mchezo wa kulazana mikono. Watu wawili hukaa wakitazamana. Kila mmoja huweka kiwiko chake juu ya meza. Hushikana viganja. Halafu kila mmoja hujaribu kuulaza mkono wa mwenzake mpaka uguse meza. Mchezo huu hauhitaji mpira wala kiwanja. Meza moja inatosha. Ndiyo maana utaukuta gulioni, kwenye mashine ya kusaga, kwenye kilabu cha pombe, na hata darasani mwalimu akitoka.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, kijana mmoja wa kijiji ninachofanyia kazi alivunjika mkono katika mchezo huu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Shamba lake la ekari 2 lilikuwa limekwisha kulimwa, linangoja mbegu. Kijana huyu si dhaifu. Siku za mnada hubeba magunia. Aliyeshindana naye alikuwa mwembamba kuliko yeye. Waliokuwapo walisema walisikia mlio kama wa ukuni mkavu unaovunjwa. Wengine walidhani mguu wa meza umevunjika. Kumbe ulikuwa mfupa wa mkono, kati ya bega na kiwiko.

Baada ya siku chache palikuwa na mkutano wa kijiji. Mzee mmoja ninayemheshimu alisimama akasema: "Mchezo huu upigwe marufuku. Atakayeonekana ameweka kiwiko mezani atozwe faini." Watu wengi walipiga makofi. Nilipopewa nafasi nilisema: "Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kwamba jambo hili limetuumiza. Lakini faini siiungi mkono." Nilisema maneno machache tu, maana jua lilikuwa kali na watu walikuwa na njaa. Leo nataka kueleza kwa kirefu.

Marufuku itauhamisha mchezo tu. Utatoka gulioni penye watu wazima, utakwenda vichakani. Huko kijana akivunjika ataficha mpaka mkono uoze. Tena mchezo wenyewe si mbaya. Una sheria zake na waamuzi wake, na katika mashindano ya kweli watu hupangwa kwa uzito wao. Katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, nchini Ghana, mwezi wa Machi 2024, mchezo huu ulikuwa miongoni mwa michezo iliyochezwa. Wanaume walishindana, na wanawake walishindana. Kosa letu sisi ni kwamba tunashindana bila kujiandaa. Mkulima hapandi mbegu kwenye shamba ambalo hajalilima. Lakini kijana huyohuyo mkulima atamaliza chakula, atapita mbele ya meza, ataitwa, atakaa, na papo hapo atavuta kwa nguvu zake zote.

Kwanza tuelewe mfupa huvunjikaje. Jaribu jambo hili nyumbani. Kaa kwenye kiti. Weka kiwiko cha mkono wa kulia mezani, kiganja kitazame upande wa kushoto. Sasa mwambie mwenzako akisukume kiganja chako polepole kwenda nje, upande wa kulia. Usishindane naye. Utahisi mkono wa juu, ule ulio kati ya kiwiko na bega, unajizungusha. Katika mchezo, wewe unavuta kwenda ndani na mwenzako anasukuma kwenda nje. Mfupa ulio katikati unasokotwa, kama mtu anavyokamua nguo iliyolowa. Mfupa wa mtu mzima huweza kuhimili mzigo mkubwa unaoukandamiza. Kusokotwa hauwezi sana.

Kuna mkao mmoja ambao ni wa hatari kuliko yote. Nawaomba vijana waukumbuke hata wakisahau mengine. Mtu akiona anashindwa, hugeuza bega na kifua kwenda upande anaotaka kumlazia mwenzake. Uso wake hutazama pembeni. Mkono wake hubaki nyuma. Anafikiri anaongeza uzito wa mwili. Ni kweli anauongeza, lakini anauongeza juu ya mfupa wake mwenyewe. Hapo ndipo mlio wa ukuni unaposikika. Nilipomuuliza yule kijana alikaaje, alinionyesha mkao huohuo. Kwa hiyo tazama mkono wako wakati wote. Mkono ukae mbele ya kifua chako. Mkono ukienda kushoto, bega na kifua viende pamoja nao, visiutangulie. Kwenye mashindano yenye mwamuzi, mchezaji akikaa vibaya hivyo mwamuzi humwonya au husimamisha mchezo.

Mfupa huo una jirani. Nyuma yake hupita mshipa wa fahamu unaonyanyua kiganja na vidole. Mfupa ukivunjika, mshipa huo unaweza kuumia. Basi kiganja hulegea na kuning'inia kama jani la mgomba lililochomwa na jua. Mtu anaweza kufunga vidole kidogo, lakini hawezi kukinyanyua kiganja. Hawezi kushika kikombe vizuri. Mara nyingi mshipa huo hupona wenyewe, lakini huchukua miezi. Miezi hiyo hakuna jembe.

Kwa watoto na vijana wadogo hatari iko mahali pengine. Mtoto anayekua ana sehemu laini katika mifupa yake, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Ukigusa kiwiko upande wa ndani utahisi kifundo kidogo kigumu. Misuli mingi ya kukunja kiganja imeshikamana na kifundo hicho. Kwa kijana wa miaka 13 mpaka 16 hivi, kifundo hicho bado hakijashikana sawasawa na mfupa. Akivuta kwa nguvu, msuli unaweza kukinyofoa. Walimu wakiona wanafunzi wamekaa hivyo kwenye madawati, wawatoe. Hapo mimi na yule mzee tunakubaliana kabisa.

Sasa kuna watu watasema: "Daktari, mimi nalima ekari 3 kwa jembe la mkono. Mkono wangu umekwisha kufanya mazoezi. Nikafanye mengine ya nini?" Swali hili ni zuri, na si la kuchekwa. Jembe hujenga mgongo, bega na kiganja. Mkulima ana mshiko ambao mtu wa ofisini hana. Lakini mwili hujifunza kazi unayopewa. Jembe hupanda na kushuka. Halikufundishi kuhimili mtu anayeusokota mkono wako. Misuli ya kugeuza kiganja na misuli ya kifundo cha mkono haipati kazi ya kutosha shambani. Aliyebeba magunia miaka 5 ana mgongo wa chuma, lakini huenda kifundo chake cha mkono bado ni cha udongo.

Nguvu huja polepole. Wagiriki wa kale walikuwa na mwanamieleka aliyeitwa Milo, wa mji wa Croton. Aliishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na alisifika sana katika michezo ya Olimpiki ya zamani. Inasimuliwa kwamba alianza kumbeba ndama mdogo, akambeba kila siku. Ndama alikua, na Milo naye aliongezeka nguvu, mpaka akawa anabeba fahali. Hiyo ni hadithi, na ndama wetu hawatakubali. Lakini njia yake ndiyo njia yenyewe: anza na mzigo mdogo, ongeza kidogo kidogo.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika wiki za mwanzo za mazoezi utaona nguvu zimeongezeka, nawe utashangaa. Wakati huo misuli bado haijakua sana. Ni mishipa ya fahamu tu imejifunza kuiamrisha vizuri. Misuli huanza kuonekana imekua baada ya miezi 2 hivi. Kano, yaani zile kamba zinazoshikamanisha msuli na mfupa, huchelewa zaidi. Mfupa pia huchelewa. Kwa hiyo mtu wa mwezi mmoja anajiona simba, kumbe kamba zake bado ni zilezile za zamani. Mimi nasema hivi: fanya mazoezi miezi 4, ndipo uende mezani. Vijana huona ni mingi. Mahindi ya miezi 4 wanayangoja bila kunung'unika.

Vifaa tunavyo. Cha kwanza ni jembe lenyewe. Simama, au kaa na kuegemeza kigasha juu ya paja. Kigasha ni sehemu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Shika mpini kwa mkono mmoja, chuma cha jembe kikiwa juu. Geuza mkono polepole, jembe lilale kushoto, kisha lirudi juu, lilale kulia. Wiki za kwanza shika karibu sana na chuma. Utaona ni rahisi. Baada ya wiki 2, sogeza mkono chini kwa upana wa vidole 2. Jembe ni lilelile, lakini utadhani limeongezwa uzito. Kadiri unavyoshika mbali na chuma, ndivyo linavyokuwa zito. Endelea kusogea hivyo kwa miezi. Zoezi hili ndilo ninalolipenda kuliko mengine yote, kwa sababu linafundisha ile misuli ya kugeuza kiganja ambayo jembe shambani haliifundishi. Angalia tu watoto wasiwe karibu.

Zoezi la pili linahitaji kijiti kinene, kamba ya urefu wa mita 1, na jiwe la kilo 2. Funga jiwe kwenye kamba, na kamba katikati ya kijiti. Nyosha mikono mbele, zungusha kijiti kwa viganja mpaka jiwe lipande juu. Kisha lishushe polepole, usiliache lidondoke. Ukifanya mara 3 vigasha vitawaka moto. Ndivyo inavyotakiwa.

Ndoo za maji nazo ni mazoezi mazuri. Beba ndoo mbili, moja kila mkono, tembea hatua 40, pumzika, rudia. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ina uzito wa kilo 20 na kidogo, basi anza na nusu. (Siku moja nilipoeleza jambo hili mbele ya akina mama kisimani walicheka sana. Mmoja aliniuliza: "Kumbe sisi tunafanya mazoezi tangu utotoni, mbona hatujaitwa mezani?" Sikuwa na jibu. Lakini niliona kwamba siku ile vijana kadhaa walichota maji nyumbani kwao, na hilo peke yake ni faida.)

Mwenye tawi imara la mwembe atupe kitambaa kigumu juu yake, ashike ncha zote mbili, ajivute mpaka kidevu kifike kwenye ngumi. Asiyeweza aning'inie tu kwa kuhesabu mpaka 20. Zoezi hili hujenga vidole, mkono wa juu na mgongo kwa pamoja. Watu husahau mgongo. Anayecheza vizuri havuti kwa mkono peke yake, anavuta kwa mgongo, na mkono ni kama kamba ya kupitishia nguvu hiyo.

Kila zoezi lifanye mara 8 mpaka 12, upumzike dakika 2, urudie mpaka mizunguko 3. Fanya siku 3 kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku zilizobaki uache mwili upumzike, kwa sababu msuli hukua wakati wa kupumzika na wakati wa kulala. Msimu wa kulima punguza, fanya siku moja tu. Usije ukalaumu safu hii shamba likishinda magugu.

Siku ya pili baada ya mazoezi misuli itauma. Maumivu hayo ni ya kawaida, yatakwisha baada ya siku 2 au 3. Lakini maumivu makali ya kuchoma kwenye kiwiko au kwenye kifundo cha mkono si ya kawaida. Ukiyapata acha zoezi hilo mpaka yaishe. Na mtu aliyejitesa kwa mazoezi siku moja, kisha akaona mkojo wake una rangi ya chai ya rangi au kahawa, asingoje kesho. Anywe maji na aende hospitali siku ileile, maana msuli umeharibika ndani na takataka zake zinaweza kuziba figo.

Chakula nacho. Msuli hujengwa kwa vyakula vya kujenga mwili: maharage, kunde, karanga, dagaa, samaki, maziwa, mayai. Si lazima nyama. Ugali na maharage ya kutosha, pamoja na mboga za majani, unamtosha kijana wa mazoezi. Ninachoshangaa ni mtu anayeuza mayai ya kuku wake ili anunue soda, kisha anakuja kuniuliza dawa ya nguvu.

Dawa hiyo haipo. Wako wanaochanjwa chale mkononi wakapakwa unga mweusi. Wembe uliotumika kwa mwingine unaweza kuwaletea virusi vya UKIMWI au ugonjwa wa ini. Wengine hununua vidonge vya kunenepesha bila cheti cha daktari. Baadhi ya vidonge hivyo ni dawa kali za kutuliza magonjwa mengine. Uso huvimba, mwili hujaa maji, na mtu hufurahi akidhani ananenepa. Ndani, misuli na mifupa inadhoofika. Mtu huyo akiweka kiwiko mezani, anaweka mfupa uliokwisha kuliwa.

Siku ya kushindana ikifika, pasheni moto kwanza. Zungusha mabega, kunja na kunjua vidole, shikaneni taratibu kwa nusu ya nguvu mara kadhaa. Wekeni nguo iliyokunjwa chini ya viwiko. Chagueni mtu mmoja awe mwamuzi, naye asiwe amekunywa. Shindaneni watu wa uzito unaokaribiana. Aliyekunywa pombe asicheze hata kidogo, kwa sababu hasikii maumivu, na maumivu ndiyo yanayomwambia mtu aache. Wala msiweke dau la kuku au fedha. Nimeona kwamba pakiwa na kuku mezani, hakuna anayekubali kushindwa. Mkono ukishapita nusu ya njia kwenda chini, uachie. Utacheza tena Jumapili ijayo.

Na mtu akivunjika? Msimvute mkono. Msimkande. Kunjeni kiwiko chake taratibu, mtandikeni mkono kwa khanga shingoni, kisha fungeni khanga nyingine kuuzunguka mkono na kifua ili usitikisike. Mvueni pete na bangili mapema, kabla vidole havijavimba. Mpelekeni hospitali yenye eksirei. Najua wengi huanza kwa fundi wa kuunga mifupa. Sina ugomvi naye kama mtu. Lakini vijiti vikifungwa vikakaza sana, damu haifiki vidoleni. Vidole vikiwa vya baridi, vikafa ganzi, vikabadilika rangi, au mgonjwa akilia kwa maumivu yanayozidi, fungueni vijiti hivyo saa ileile. Nyama isiyopata damu kwa saa chache huanza kufa, na hapo daktari hubaki na msumeno tu.

Yule kijana wetu naye alipelekwa kwa fundi kwanza. Nilimkuta usiku, vidole vimeanza kuvimba. Tulifungua vijiti tukamfunga khanga, na asubuhi alipanda gari la mkaa kwenda hospitali. Mfupa ulichukua kama miezi 3 kushikana. Kiganja kilining'inia mpaka mwezi wa Aprili. Majirani zake walimpandia ekari 1, na ekari ya pili ilikaa na nyasi.

Faini haikupitishwa. Mkutano uliamua kwamba meza iwekwe mbele ya ofisi ya kijiji Jumapili mchana, na kilabuni isiwekwe. Yule mzee ndiye aliyechaguliwa kuwa mwamuzi, na nasikia ni mkali.

Sasa imepita miezi 9. Jumamosi iliyopita nilimkuta kijana nyuma ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, kigasha juu ya paja, jembe mkononi. Alikuwa akiligeuza kushoto na kulia polepole. Kiganja kilinyanyuka vizuri. Alikuwa ameshika karibu kabisa na chuma. Aliniuliza: "Daktari, nisogeze vidole viwili?" Nilimwambia akae hapohapo mwezi mmoja zaidi.